Afya ya jamaa: Matone ya homoni ya mimba yanapunguza kilo kweli?



Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha akiba. Mama mmoja wa kikundi hicho alipimwa kwenye kituo cha afya, tansio yake ikakutwa juu, na muuguzi akamshauri apunguze kilo. Kisha ndugu yake anayeishi Ulaya akamwambia kuna matone ya homoni ya mimba: unayatia chini ya ulimi kila siku, unakula kidogo sana, na baada ya siku 40 mwili unakuwa mwepesi. Matone hayo yana bei kali. Mama anaomba mkopo kwenye sanduku la kikundi, na wenzake wanatuuliza: dawa hiyo inafanya kazi? Haina hatari? Tumkopeshe?

Tunaanza na jibu, kusudi mama asiyekuwa na nafasi ya kusoma yote alipate mara moja. Homoni hiyo haipunguzi kilo. Kinachopunguza kilo ni njaa inayokwenda pamoja nayo, na njaa hiyo ina hatari zake. Wenye nafasi waendelee kusoma namna jambo hili lilivyojulikana, maana njia iliyotumiwa kulichunguza inaweza kutusaidia kupima dawa nyingine nyingi zinazopita sokoni na kwenye simu.

HOMONI HIYO NI NINI?

Homoni ni kama mjumbe. Sehemu moja ya mwili inamtuma, anapita katika damu, anafikisha neno kwenye sehemu nyingine. Homoni tunayoizungumzia inaitwa HCG. Kwenye karatasi za maabara mara nyingi inaandikwa beta-HCG. Inatengenezwa na kondo la nyuma, kuanzia siku za kwanza kabisa za mimba. Inaviambia vifuko vya mayai vya mama kwamba mimba imeingia, viendelee kutoa homoni inayolinda tumbo la uzazi. Ndiyo sababu damu ya mwezi haiji.

Mama yeyote aliyetumia kijiti cha kupima mimba amekutana nayo. HCG inashuka katika mkojo, kijiti kinaitambua, na mstari wa pili unatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wachunguzi wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, ndio walioonyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba una kitu cha namna hiyo. Wakati ule hakukuwa vijiti: waliuchoma mkojo kwa sindano katika panya wadogo, kisha wakaangalia vifuko vya mayai vya panya hao.

HCG ni dawa ya kweli yenye kazi zake. Madaktari wanaitumia kusaidia yai kutoka kwa mwanamke anayetibiwa ugumba, na kwa wavulana fulani ambao mapumbu yao hayajashuka. Basi hatusemi kwamba HCG ni kitu cha uongo. Ulizo letu ni moja tu: inapunguza kilo?

WAZO LILITOKA WAPI?

Lilitoka kwa daktari Mwingereza, Albert Simeons, aliyefanya kazi miaka mingi India, kisha Roma. Mwaka 1954 aliandika katika jarida la madaktari la The Lancet kwamba anatibu watu wanene kwa sindano ndogo ya HCG kila siku, pamoja na chakula cha kalori 500 tu kwa siku. Aliamini kwamba homoni inafungua akiba ya mafuta ya mwili, hata mgonjwa asisikie njaa, na kwamba mafuta yanatoka mahali ambapo watu hawayapendi, yaani tumboni na kwenye mapaja.

Tuangalie kwanza hizo kalori 500. Mama mzima mwenye kazi za kawaida anahitaji karibu kalori 2,000 kwa siku, na anayelima anahitaji zaidi. Vijiko vinne vikubwa vya mawese peke yake vinakaribia kalori 500. Hebu fikiri: nguvu ya vijiko hivyo vinne ndiyo ikuamshe, ikupeleke kuchota maji, ikufikishe sokoni, ikupikishe, ikurudishe kitandani. Mtu yeyote akila hivyo siku 40 atapungua, apewe homoni ao asipewe. Kwa hiyo mama akituambia, «Mimi nilitumia nikapungua kilo nane», hasemi uongo. Lakini ni kitu gani kilichompunguza?

SHAMBA MBILI ZA MIHOGO

Tuseme jirani anauza unga wa kutia shambani. Anasema: «Nilitia unga huu, nikapalilia kila juma, nikavuna mihogo mikubwa.» Mihogo tunaiona kwa macho, ni mikubwa kweli. Lakini kazi ilifanywa na unga ao na jembe? Ukitaka kujua, panda shamba mbili zenye udongo mmoja, siku moja, mbegu moja. Zipalilie sawasawa. Moja itie unga, nyingine usiitie. Zikitoa mihogo sawa, basi kazi ilikuwa ya jembe, na franka za unga zimepotea.

Wachunguzi wa dawa wanafanya vile vile. Wanagawanya watu kwa kura katika vikundi viwili. Wote wanakula kalori 500. Wote wanachomwa sindano kila siku. Tofauti ni kwamba kikundi kimoja kinapata HCG, na kingine kinapata sindano isiyo na dawa. Mgonjwa hajui amepata ipi. Anayemchoma na kumpima hajui vilevile, kusudi matumaini ya mtu yasiharibu hesabu.

Mwaka 1973 utafiti mmoja wa Marekani ulisema kwamba waliopata HCG walipungua zaidi. Habari hiyo ilifurahisha wengi. Lakini neno la shahidi mmoja halimalizi kesi, na wengine wakaurudia utafiti kwa uangalifu. Mwaka 1976 yalitangazwa matokeo ya wanawake 51 waliofuatwa kwa siku 32, wakiwa na chakula kidogo kile kile na sindano za kila siku. Vikundi vyote viwili vilipungua. Tofauti kati yao haikuonekana: si katika kilo, si katika upana wa kiuno na nyonga, si katika njaa waliyoisikia.

Mwaka 1995 wachunguzi wa Uholanzi walikusanya pamoja tafiti 24 zilizokuwa zimeandikwa juu ya HCG na unene. Walizipa kila moja alama kulingana na namna ilivyofanywa, kama vile mwalimu anavyosahihisha mitihani. Nyingi zilipata alama mbaya. Kati ya 12 zilizopata nusu ya alama ao zaidi, moja tu ilisema HCG inasaidia. Walimalizia kwa kusema hakuna ushahidi kwamba HCG inapunguza kilo, wala kwamba inahamisha mafuta mwilini, wala kwamba inatuliza njaa ao kumfanya mtu ajisikie vizuri.

Serkali ya Marekani nayo ilichukua hatua. Tangu miaka ya 1970, shirika lake linalosimamia vyakula na dawa, FDA, linataka HCG iwe na maandishi yanayosema wazi kwamba haijaonyeshwa kusaidia kutibu unene. Angalia vizuri jambo hilo: ukipata HCG ya kweli iliyoruhusiwa kule, karatasi yake yenyewe inakuambia haikufai kwa kupunguza kilo.

NA MATONE JE?

Simeons alitumia sindano. Matone yalikuja baadaye, na kwa matone mambo ni mabaya zaidi. HCG ni protini. Ukiimeza, tumbo linaivunja kama linavyovunja nyama na maharagi. Hapo mjumbe amekufa njiani kabla ya kufikisha neno. Ndiyo sababu hospitali inaitoa kwa sindano. Tena matone mengi yanauzwa kwa jina la homeopati, yaani dawa iliyochanganywa na maji mara nyingi mpaka kilichobaki cha homoni ni kidogo sana, ao hakuna kabisa.

Desemba 2011, FDA pamoja na shirika la Marekani linalolinda wanunuzi waliandikia barua za onyo makampuni saba yaliyokuwa yakiuza HCG ya homeopati kwa kupunguza kilo. Waliwaambia kwamba wanavunja sheria: dawa hiyo haijaruhusiwa, na maneno wanayotumia kuiuza hayana ushahidi. Hata hivyo, kitu kilichokatazwa mahali pamoja kinaweza kutafuta wanunuzi mahali pengine, kwa jina lingine na kichupa kingine.

HATARI ZAKE

Wengine watasema: «Kama ni maji tu, yatamdhuru nani?» Tujibu hatua kwa hatua.

Kwanza, njaa yenyewe. Chakula kidogo namna hiyo, bila daktari anayekufuata, kinaweza kuleta mawe katika kifuko cha nyongo. Kinaweza kuvuruga chumvi zinazohitajiwa na misuli na moyo, na moyo ukaanza kupiga vibaya. Mwili unapokosa chakula unakula misuli yake, si mafuta tu. Na mama anayemeza vidonge vya tansio ao vya ugonjwa wa sukari anaweza kuanguka, kwa sababu vidonge vilipimwa kwa mtu anayekula.

Pili, homoni yenyewe, kama ni ya kweli na inachomwa. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa, hasira za bure, uchovu, huzuni na kuvimba. Inaweza kuvimbisha vifuko vya mayai mpaka maji yakajaa tumboni, na inaweza kusaidia damu kuganda katika mishipa. Wakati wa kutibu ugumba, daktari anakubali hatari hizo kwa sababu kuna faida, naye anamchunga mgonjwa. Kwa kupunguza kilo hakuna faida ya kulinganisha nazo.

Tatu, homoni hiyo inavuruga vipimo. Ukichomwa HCG, kijiti cha kupima mimba kinaweza kuonyesha mimba isiyokuwapo. Na kuna wamama waliopata mimba ya zabibu, ile inayojaa vifuko vidogo bila mtoto. Baada ya kusafishwa, daktari anafuata HCG yao kwenye maabara ili ajue kama ugonjwa umekwisha. Mama huyo akichomwa HCG kwa siri, anaharibu taa ambayo daktari anaitumia kumtafuta adui.

Nne, mtoto. Mama anayenyonyesha maziwa tu anatumia karibu kalori 500 kila siku kwa kutengeneza maziwa. Yaani chakula chote cha siku katika njia hii kinatosha maziwa peke yake, na mama mwenyewe anabaki bila kitu. Kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, njia hii isizungumzwe hata kwa mchezo.

JE, DAWA ZOTE ZA HOMONI NI UONGO?

Hapana, na ni vizuri tuwe waaminifu. Kuna dawa mpya inayoitwa semaglutide. Inafanana na homoni ambayo matumbo yetu yanatoa baada ya kula, ile inayoambia ubongo kwamba tumeshiba. Hiyo ilipimwa kwa shamba mbili. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatwa kwa majuma 68, na wote walisaidiwa kubadilisha chakula na kutembea. Waliochomwa dawa walipungua karibu kilo 15 kwa kila kilo 100 za uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua kilo mbili na nusu hivi kwa kila 100. Umeona tofauti? Dawa inayofanya kazi inaonekana hata tukiificha isijulikane ni ipi.

Hata hiyo si ya kununua ovyo. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haitumiwi wakati wa mimba, ina bei kubwa, na ina madhara kama kichefuchefu na kutapika. Tena, kwa sababu watu wengi wanaitafuta, wezi wanaiga. Mwaka 2024 shirika la afya la dunia, OMS, lilionya juu ya sindano bandia za semaglutide zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Kama udanganyifu umefika kule, sisi tuwe macho mara mbili. Kwetu Kongo, ofisi ya serkali inayosimamia dawa ni ACOREP. Mbele ya kununua dawa usiyoijua, muulize mwenye farmasi kama imeruhusiwa.

Tusisahau pia wale wanaotafuta kinyume: vidonge vya kunenepesha. Katika miji yetu kuna wanaomeza deksametazoni ili mashavu yajae. Hiyo ni jamii ya homoni pia. Inaweza kupandisha tansio na sukari, kulegeza mifupa, na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Aliyeimeza muda mrefu asiiache kwa ghafula. Aende kwa daktari, apunguziwe polepole.

JIBU KWA KIKUNDI

Msimkopeshe mwenzenu kwa ajili ya matone. Deni litabaki baada ya kichupa kuisha, na kilo mara nyingi zinarudi mtu anapoanza tena kula. Lakini msimwambie «hapana» mkamwacha peke yake. Tansio yake ni ya kweli, na muuguzi alimshauri vizuri.

Mwenye kilo 90 hahitaji kuwa mwembamba kama msichana ili apone. Kupunguza kilo tano hivi, na asizirudishe, kunaweza kuanza kusaidia tansio na sukari. Na afanye nini?

Apime mawese na mafuta kwa kijiko, asimimine kwa jicho. Sombe na lengalenga vinapikika vizuri kwa mafuta kidogo. Ajaze nusu ya sahani kwa mboga, robo kwa maharagi ao samaki, robo kwa bugali. Vinywaji vya chupa vyenye sukari na bia aviache kwa sikukuu. Chai anywe na sukari kidogo. Apunguze chumvi, hasa vile vipande vya maji vya kutia katika mchuzi, kwa sababu chumvi inapandisha tansio. Atembee kwa mwendo wa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Wenzake wawili ao watatu wamsindikize, na wao watafaidika. Apimwe kilo na tansio kila mwezi kwenye kituo cha afya, na kama ameandikiwa vidonge, asiviache hata akijisikia vizuri. Mkopo wa kikundi, kama unahitajiwa, uende kwenye vidonge hivyo.

Njia hii ni ya polepole. Haina picha za kabla na baada. Lakini inaacha franka nyumbani, inaacha nguvu mwilini, na jamaa nzima inaweza kula kwenye sahani hiyo hiyo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Tukisikia ushuhuda wa mtu aliyepona ao aliyepungua, tunaweza kuuliza nini ili tujue ni unga ao ni jembe?

2. Ni dawa gani za kupunguza ao za kunenepesha zinazouzwa katika mtaa wetu? Anayeziuza ni nani, na zina maandishi gani juu yake?

3. Nani kati yetu hajapimwa tansio mwaka huu? Tupange siku gani ya kwenda pamoja kwenye kituo cha afya?

Mkaanze na ulizo la tatu. Hilo halihitaji mkopo.